Fundi cherehani na kistari kilichopanda juu

Saa mbili asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi, fundi anakanyaga cherehani utadhani imemkosea adabu. Kila akimaliza pindo anasimama, anakitupia jicho kijitabu kilichoegemezwa kwenye boksi la nyuzi, anafyonza, kisha anakanyaga tena.

"Usinione hivi, nina hasira na karatasi," anasema. "Karatasi imenifanya mjinga miezi sita!"

Majirani wanamwita Fundi Pindo. Ana miaka arobaini na tisa na wajukuu wawili. Utotoni alisomeshwa kwa kuitikia: maalimu anaimba, watoto wanafuata, kitabu hakitazamwi. Alihifadhi mengi, lakini ukimwonyesha neno geni la Kiarabu alibaki mdomo wazi.

Ndiyo maana alijiandikisha darasa la kina mama kujifunza irabu, zile alama ndogo zinazosema herufi itamkwe vipi. Kistari kikikaa juu ya herufi ni fataha, sauti ya a. Kikikaa chini ni kasra, sauti ya i.

"Juu na chini, basi! Mimi nimeshona maisha yangu yote, nishindwe kujua juu na chini?"

Akaambiwa ameshindwa. Akisoma "ba", maalimu wa darasa hilo, mzee asiyehitaji kukifungua kitabu kwa kuwa anacho kichwani, anamkatiza: "Bi, mama. Rudi mwanzo." Akarudishwa mwanzo mara mbili. Akaonywa kwamba akikosea mara ya tatu, atatoka darasani ampishe mwingine.

Wenzake hawakungoja kufukuzwa. Darasa lilianza na wanawake kumi na wawili, sasa wamo watano. Saba waliondoka kimyakimya, kwa aibu. Wanne waliobaki naye, fundi anasema bila kumung'unya maneno, ni wale wanaofuata sauti ya maalimu huku macho yakiwa dirishani.

"Anayesoma kweli ndiye aliyeonekana mbumbumbu. Hebu niambie, hiyo ni haki?"

Wiki iliyopita wifi yake alimletea kijitabu hichohicho cha darasa, ila cha toleo la zamani, kimechakaa mpaka jalada limetoka. Fundi akaviweka sambamba mezani, kama anavyolinganisha mikono miwili ya gauni.

"Mungu wangu! Huku kistari kiko chini, huku kimepanda juu. Herufi ileile!"

Akachomeka pini kila palipotofautiana. Zikafika pini kumi na moja. Aliyechapa toleo jipya alibana mistari mpaka alama za chini zikakosa pa kukaa, naye akazipandisha juu kana kwamba ni mapambo tu.

Alivipeleka vitabu kwa maalimu siku hiyohiyo, kufuli la duka hata hakukumbuka kulifunga.

"Kitabu hiki hakina kosa, mama," maalimu alimwambia.

"Maalimu, shikamoo yako nimekupa. Sasa vaa miwani."

Akavaa. Akafunua ukurasa wa kwanza wenye pini, wa pili, wa tatu, kisha akaketi. Mwandishi wa habari hii alipomtembelea, mzee hakujificha.

"Nilikuwa nasikiliza, sikutazama," alisema. "Yeye alisoma kilichoandikwa. Nimemwonea, na wale wengine nimewaonea."

Maalimu amekwisha kuvisahihisha vitabu vyote kwa kalamu nyekundu, na amempa fundi nafasi ya kusomeshwa upya Jumamosi. Fundi ameikataa.

"Sisomi hata herufi moja mpaka wale saba warudi. Na maalimu awaambie mwenyewe, mbele ya darasa, kwamba hawakuwa wajinga."

Leo anafunga duka mapema kuwafuata majumbani, mmoja mmoja. Ataanza na muuza mboga wa kona ya pili, aliyekuwa wa kwanza kuondoka.

"Yule alisoma 'ba', darasa zima likaangua kicheko. Mimi ukurasa ule nilikuwa bado sijaufikia."

Anakata uzi kwa meno, anasimama, anajifunga mtandio. Sauti yake imeshuka, lakini hasira ipo palepale.

"Aliyecheka kuliko wote ni mimi."