Kamera Iliyoingia Msituni Masika

Nakumbuka mvua ya siku ile kuliko ninavyokumbuka jua lolote, mwanangu. Ilikuwa masika, miaka ya hamsini, nami kijana nikipiga picha Nachingwea kwenye chumba cha mjomba wangu, Mzee Issa. Nilijiona fundi. Ujana una macho makali, lakini hautazami chini.

Ulifika ujumbe kutoka Matambarale kwamba mama mkubwa, dada yake mjomba, miguu imemkataa, na mwanawe anakuja kumhamishia Lindi wiki ileile. Hakuomba dawa wala nguo. Aliomba picha ya kaburi la mama yao, lililoko msituni karibu na chemchemi, kwa kuwa hakuwa na hakika ya kurudi tena. Mjomba alikuwa mgonjwa wa kifua, njia ile asingeiweza. Nikasema nitakwenda mimi.

Nikatoa kamera kubwa ya mbao, ile ya kusimama juu ya miguu mitatu, pamoja na mkoba wake wa ngozi unaong'aa. Mjomba akaniacha nikafunga mikanda yote, ndipo akauliza kwa nini hiyo. Nikamwambia ndiyo inayotoa picha nzuri kuliko zote.

"Watu husema mchagua jembe si mkulima," akasema. "Anayelichagua kwa kung'aa, ni kweli. Lakini anayelichagua kwa udongo, huyo ndiye mkulima. Usichague kamera kwa picha unayoiota, chagua kwa njia utakayopita."

Niliona haya kidogo, lakini nilifungua mikanda.

Akanipa kamera ndogo ya chuma, ile tuliyozunguka nayo vijijini. Tulikuwa nayo moja tu. Ikiharibika, kazi ya vijijini imekwisha. Mkoba wa ngozi akauzuia nyumbani, maana ngozi hunywa maji, ikaota ukungu, na ukungu huhamia kwenye kioo. Badala yake tukachukua kopo la biskuti lenye kifuniko cha kubana. Mama yako, wakati huo mchumba wangu, alikaanga mchele mkavu bila mafuta, akaushona ndani ya kifuko cha kitambaa ili unywe unyevu na vumbi lake lisiingie kwenye lenzi. Kopo tukalizungushia turubai. Mjomba akanikabidhi na mwavuli wake, akanionya kwamba ule si wangu, ni wa kamera.

Kule Matambarale nililala kwa mama mkubwa, na asubuhi nikaondoka na mwanawe mwingine, Hamisi, anayeijua njia. Kijito kilikuwa kimejaa. Katikati, jiwe likateleza chini ya mguu wangu, nikazama hadi shingoni na kifurushi kikachukuliwa na maji. Hamisi akakidaka kikiwa kinaelea. Ile ya mbao, mwanangu, ingekwenda na maji, pengine na mimi nikiwa nimejifunga nayo.

Msituni mvua ilikuwa imekatika, lakini miti ilikuwa bado inanyesha. Msitu mnene ndivyo ulivyo, wingu likiondoka majani yanaendelea. Nikafungua kopo chini ya mwavuli, ndani kukavu kabisa. Ila kamera ilikuwa imepoa kwa maji ya kijito na hewa ya msituni ina joto, lenzi ikafunga ukungu papo hapo. Nikashika pindo la shati nifute. Hamisi naye akanihimiza nifanye haraka, mvua inarudi. Nikalitazama lile pindo: lina maji ya kijito na mchanga wake. Nikaliachia. Tukangoja, yeye kashika mwavuli, mimi nimeikinga kamera kwa mikono, na ngurumo zinakaribia. Subira inauma ukiwa umelowa. Ukungu ukajiondokea wenyewe.

Mwanga ulikuwa hafifu. Nikaiweka kamera juu ya kisiki, nikaitegemeza kwa kofia yangu, nikaliacha jicho lake wazi huku nikimsomea bibi Fatiha. Nilipofika mwisho wa sura, nikalifunga. Tulipokuwa tunabana kopo, mvua ikarudi.

Niliporudi Nachingwea, mjomba hakuuliza habari za picha kwanza. Aliifuta kamera kwa nje, akaiacha upeponi kivulini, mbali na jua na moto. Baadaye akasafisha filamu. Pembezoni picha ilikuwa imefifia, lakini mawe ya kaburi yalionekana, na maji ya chemchemi yakipita chini ya mizizi. Akaifunga kwenye karatasi, akanikabidhi.

Niliipeleka mwenyewe Matambarale, nikamkuta mama mkubwa mizigo imeshafungwa. Aliisogeza karibu na macho, akapitisha kidole juu ya mawe, moja moja.

"Nilidhani naondoka peke yangu," akasema.

Basi mwanangu, unayetaka kuingia msituni na kamera yako mpya, chukua chombo kinachoiweza safari, hata kama wenzako watakicheka. Kikinge kabla wingu halijaonekana, maana asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kioo kikifunga ukungu, kipe muda. Ukirudi, kikaushe kabla hujajikausha wewe. Na kabla ya yote, jiulize ni nani anayeingojea hiyo picha, kwa sababu atakayekumbuka anangojewa hatabeba chombo chake ovyo.

Mwenyezi Mungu akutulizie mikono, akupunguzie maji ya mito, na akurudishe salama kwa wanaokungoja.