Herufi ya Kuzaliwa

Asubuhi ile tulikuwa tunapalilia mahindi katika shamba la kijiji, Nyamwaga, mimi na Chacha, mtoto wa mjomba wangu. Umande ulikuwa haujakauka. Mimi nilikuwa na kazi mbili: jembe mkononi, na mdomoni sentensi moja niliyoagizwa niirudie mpaka ilainike.

"Mlinzi hakulala mlangoni," nilisema.

"Mrinzi hakurara mrangoni," Chacha akaitikia nyuma yangu bila kuinua kichwa, akaniita kama vijana wa kwetu tunavyoitana. "Mura, mwache huyo mrinzi arare. Amechoka."

Wanawake wa mstari wa pili wakacheka, nami nikacheka.

Kikurya hakina l. Aliyekikulia husema kurima, kura, kurara, na hasikii tofauti yoyote hadi mtu wa mbali amcheke. Chacha alichekwa mara nyingi na hakujali. Mimi nilijali, kwa sababu nilikuwa naomba uraia.

Nilizaliwa upande wa Kenya, mwendo wa asubuhi moja kutoka shamba lile. Baba alipofariki, mama alirudi kwa kaka yake akiwa amenibeba mgongoni. Ukoo wetu uko pande zote mbili za mpaka, na siku zile ng'ombe walivuka kwenda kunywa maji wakarudi bila mtu kuwauliza lolote. Mimi na Chacha tulilala ngozi moja, tukatahiriwa msimu mmoja, tukahamishiwa pamoja kijiji cha ujamaa na kujenga nyumba zetu ubavu kwa ubavu. Kisha mpaka ukafungwa, na mimi nikawa mgeni. Niliambiwa kwamba kiwanja na migomba haviwezi kubaki kwa jina la mtu asiye raia. Ama nipate uraia wa tajinisi, ule wa kuomba, ama nirudi nilikotoka, ambako sikuwa na nyumba wala mtu ambaye angenitambua kwa sura.

Watu walisema afisa anayehoji waombaji husikiliza ulimi kabla ya majibu, na kwamba mwenye r huonekana mtu wa mpakani. Sijui nani alianzisha maneno hayo. Niliyaamini. Nikaenda Tarime mjini kwa fundi cherehani mmoja, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema ulimi."

"Urimi."

Hakucheka. Alisimamisha cherehani. "Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno, uiache hapo. R inaruka, l inakaa. Wewe si unataka kukaa? Basi kaa."

Nilikwenda kwake kila siku ya gulio. Chacha aliniona nikirudi nikijisemea njiani, akanisubiri kwenye kona.

"Tajinisi ndiyo dawa gani hiyo, inayobadirisha mdomo?" aliuliza. "Mimi ni raia wa kuzariwa. Na r yangu ni ya kuzariwa. Haiombewi kibari."

Afisa alipokuja wilayani aliniuliza maswali mengi, na yote nilijibu kama fundi alivyonifundisha. Mwishoni akauliza, "Kwenu wapi?"

"Nyamwaga."

"Sikuulizi unapoishi. Nauliza kwenu."

Nilitazama kalamu yake. Aliandika kitu, akasema Kiswahili changu kimenyooka kuliko cha wenyeji, na kwamba nisubiri jibu.

Nilikuwa bado nasubiri redio ilipotangaza kwamba majeshi ya Uganda yamevuka na kuingia Kagera.

Mwenyekiti wa kijiji alipuliza filimbi, wanamgambo wote tukajipanga mbele ya ghala. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa sababu kila mwanamume mwenye nguvu alikuwa mmoja wao. Aliita majina, langu akalisoma baada ya la Chacha. Siku ile hakuna aliyeniuliza kwetu ni wapi. Kwa kiwanja nilikuwa mgeni. Kwa bunduki nilikuwa mwenyeji. Nilimwangalia mwenyekiti usoni nilipoitika. Alitazama karatasi yake.

Tulivuka ziwa kwa meli hadi Bukoba, kisha tukaenda kwa miguu. Nitasema niliyoyaona tu. Niliona nyumba zilizong'olewa milango na mabati. Niliona zizi lenye ng'ombe waliopigwa risasi wakiwa wamefungwa, na wanamgambo wa Tarime, watu wasiolia ovyo, wakiwafungua kamba mmoja mmoja. Niliona mwanamke mzee aliyerudi kwake akifagia uwanja wa nyumba isiyokuwepo tena.

Chacha alikuwa mwanajeshi mzuri kuliko mimi. Alitembea bila kelele, kama mtu aliyezoea kufuata nyayo za mifugo iliyoibwa. Jioni aliwachekesha wenzetu kwa kuniiga nikimjibu afisa. "Ndugu afisa," alisema kwa sauti nyembamba, akiikaza l kwa shida mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, "naomba ulaia." Hapo kwenye raia ndipo l ilipomjia, mahali isipotakiwa.

Tuliingia Uganda mvua zikinyesha. Kambi yetu iliwekwa kando ya migomba minene iliyofanana sana na ya kwetu. Wiki ile kikosi kipya kutoka pwani kilitupokea ulinzi wa upande wa mto. Vijana wazuri, ila hawakuwa wameishi na sisi. Katika jeshi wengine walizijua r zetu. Wakurya tulikuwa wengi. Hawa walikuwa hawajazisikia. Walichokuwa wameambiwa ni kwamba adui naye anasema Kiswahili, na kwamba atajulikana kwa matamshi.

Neno la siri lilibadilishwa kila siku. Siku ile mlinzi angesema "Mlima," na wewe ungejibu "Kilele."

Chacha alilisikia likitajwa, akanigeukia. "Fundi wako angefurahi," alisema.

Kulipopambazuka tulitumwa mtoni kuchota maji. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi chini ya majani ya migomba. Tulijaza madumu, tukapanda kurudi. Chacha alitangulia. Nilimwona mgongo, kisha nikaona ukungu.

"Mlima!"

Sauti ilitoka kushoto, karibu.

"Kirere," alisema Chacha, kwa utulivu wa mtu anayebisha hodi kwao.

"Mlima!"

"Kirere, ndugu. Kirere."

Risasi zilikuwa mbili.

Nililala kifudifudi. Dumu langu lilikuwa limeanguka, maji yakipita chini ya kifua changu.

"Mlima!" Safari hii sauti ilikuwa inatetemeka.

Niliweka ncha ya ulimi nyuma ya meno.

"Kilele."

"Pita."

Nilipita.

Chacha alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja bado kwenye kishikio cha dumu. Nilimwita. Alinitazama, kisha hakuwa akinitazama tena.

Mlinzi alitoka kwenye handaki lake. Alikuwa wa rika letu. Aliiona sare, akaiona na kofia, akakaa chini palepale kwenye matope.

"Amesema kirere," alisema.

"Amesema kilele."

"Wallahi nimesikia r. Mara mbili."

"Ndivyo tunavyosema kwetu," nikamwambia.

Nililisikia neno hilo likitoka. Lile ambalo afisa alilitafuta kwangu nikashindwa kumpa, nilikuwa nimelitoa bila kufikiri, juu ya mwili wa ndugu yangu, katika nchi isiyo yake wala yangu.

Kamanda alikuja, akasikiliza, akabadilisha neno la siri na kuweka mmoja wetu katika kila zamu ya mlinzi wa pwani. Lilikuwa jambo la busara na lilikuwa limechelewa. Mwili ulipakiwa kwenye lori kurudishwa upande wa Kagera. Hatukumzika sisi. Kwetu mtu huzikwa kwenye mji wa baba yake, na hadi leo hapo ubavuni mwa zizi la mjomba kuna nafasi ambayo hakuna anayelima.

Nilipigana hadi tuliporudishwa. Siwezi kusema nilikuwa jasiri. Nilikuwa na hasira, na hasira hutembea mbali.

Mjomba aliletewa taarifa kwamba mwanawe amefia vitani. Nilipofika nilimweleza jinsi ilivyokuwa, neno kwa neno, kwa sababu nilidhani ana haki ya kujua. Alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza jambo moja tu, akiitafuta l.

"Ari... alisema vizuri?"

"Alisema vizuri, mjomba."

Jibu la maombi yangu lilikuja baada ya mavuno. Nilikubaliwa, lakini kwanza niape mbele ya hakimu. Mama alivaa kitenge chake kizuri, akanisindikiza mjini, akakaa nje kwenye benchi. Alijua, nami nilijua, kwamba bila kiapo hicho migomba aliyoipanda kwenye kiwanja changu ilikuwa bado mikononi mwa watu.

Karani alinisomea maneno kwa vipande. Nikayarudia kwa vipande. Naapa kuwa mwaminifu. Naapa kuwa mtiifu.

"Na kuilinda Jamhuri," alisema karani.

Ulimi ulikwenda wenyewe nyuma ya meno, kama ulivyofundishwa. Nikauondoa hapo.

"Na kuirinda Jamhuri," nilisema.

Karani alitabasamu. Hakimu aliinua macho. "Rudia. Kuilinda."

"Kuirinda, mheshimiwa."

"Katika faili hili imeandikwa Kiswahili chako kimenyooka."

"Kirinyooka kabra ya vita, mheshimiwa. Niriyekwenda naye kuirinda arisema hivi. Ariyekufa kwa ajiri yake arisema hivi. Kama ni kosa, basi nchi iririndwa kwa makosa."

Hakuna aliyetabasamu tena. Nje nilimsikia mama akikohoa. Hakimu aligeuza kurasa za faili polepole, akafika ile iliyoonyesha nilikokuwa miezi ile yote, akaisoma. Alikuwa na uwezo wa kunirudisha, na nilikuwa nimeshaamua kwamba akinirudisha nitarudi na r yangu, na nitakuja tena nayo, na tena.

"Endelea," akamwambia karani.

Tulirudi Nyamwaga kwenye tela la trekta la kijiji, mama ameshika cheti ndani ya kitenge kisilowe kwa manyunyu. Hajui kusoma, lakini njia nzima alikuwa anakichungulia. Tangu siku hiyo sijasema l kwa kujitahidi. Fundi cherehani alinisikia gulioni, akatikisa kichwa, akaniambia ulimi wangu umeanza kuruka tena. Nikamwambia unaruka lakini mimi nimekaa.

Siku ile ya cheti, mjomba alikuwa zizini tulipofika. Alinawa mikono, akakipokea cheti, akakigeuza upande huu na ule, akanirudishia.

"Wamekupa," alisema.

"Wamenipa."

Alitazama ile nafasi ubavuni mwa zizi.

"Sasa nina vijana wawiri raia," alisema.

Sikumsahihisha.