Alhamisi za Chumba cha Baruti

Siku yangu ya kwanza kazini niliitukana mashine. Nilikuwa nimefika Abu Hamour kufua na kupiga pasi, miaka ile Doha haijapata metro. Baba mwenye nyumba, mzee wa Kiqatari aliyependa kutungua visahani vya udongo kwa bunduki, alifungua chumba kidogo nyuma ya majlis, ile sebule ya wageni wa kiume. Mezani palifungwa kitu cha chuma chenye mkono mrefu, kimeganda grisi nyeusi na mchanga.

"Nani anamtunza hivi? Kwani hana mama huyu?" nikafoka kwa Kiarabu changu cha jikoni.

Baba alicheka mpaka akashika meza. "Mimi ndiye ninayemtunza, Maria. Kuanzia leo mama yake ni wewe."

Nyinyi mnaokwenda huko sasa mnadhani kazi ya nyumbani ni ufagio tu. Sikilizeni. Mashine ile ilijaza upya maganda ya risasi yaliyokwisha kufyatuliwa. Ukivuta mkono, inasukuma nje fataki ya zamani, kile kikofia kidogo cha kuwasha baruti, kisha inapachika mpya. Juu yake zilipinduliwa chupa mbili: moja ya baruti, nyingine ya marisawa, vile vipunje vya risasi. Kujaza ilikuwa kazi ya Baba peke yake, na kibali chake kilitundikwa ukutani. Kusafisha ilikuwa yangu, kila Alhamisi.

Sheria ya kwanza: Baba anarudisha baruti kwenye kopo lake na kulifunga, ndipo mimi naingia. Nasugua kwa mswaki mkavu, namwaga masizi ya fataki, nakaza skrubu zilizolegea. Mafuta ni tone moja kwenye viungo vya mkono, basi. Ukipaka mafuta inapopita baruti, inashikana kama unga uliolowa. Na unanawa mikono kabla hujagusa chakula, maana madini ya risasi ni sumu. Baada ya tufani ya mchanga nilirudia kila kitu, nikilaani jangwa lote.

"Mama Neema, umepanda cheo!" dereva wetu Okello, Mganda, alinitania. "Jana soksi, leo baruti."

"Na wewe bado unaosha matairi. Niondokee."

Nilikuwa na hasira miaka ile, sifichi. Neema wangu nilimwacha Bungoma kwa mama yangu akiwa hajaota meno, na sasa alikuwa anakaribia kuanza shule. Hasira ile niliimalizia kwenye mswaki, ndiyo maana mashine iling'aa. Baba aliniahidi likizo, nimpeleke mtoto shule mwenyewe. Lakini wakati huo hutoki Qatar bila ruhusa ya mwajiri, na ruhusa yangu ilikuwa haijasainiwa.

Alhamisi ya mwisho kabla ya safari, wageni walifika mapema. Baba alikuwa amefungua kopo ili arudishe baruti. Akaitwa majlis, akaenda kusalimia. Mimi nikabaki mlangoni nikimsubiri. Mara nikasikia harufu ya udi. Mama, mkewe, anakuja na chetezo, makaa mekundu kabisa, anafukiza chumba baada ya chumba kama desturi yao wageni wanapokuja.

Nikatanua mikono mlangoni. "Mama, hapa hupiti."

"Hii ni nyumba yangu."

"Ndiyo. Na mimi nataka ubaki nayo!"

"Unanipigia kelele? Mimi?"

"Napiga! Nina mtoto, Mama. Sikuja Doha kufa kwa ajili ya manukato. Rudi nyuma!"

Alirudi hatua moja, uso umemwiva. "Safari yako isahau," akasema.

Akilini nikamwona Neema amesimama lango la shule na sare yake, ameshikwa mkono na mtu mwingine. Lakini mikono sikushusha.

Kelele zetu zikafika majlis. Baba akatokea na kikombe cha gahwa, kahawa yao ya iliki, mkononi. Akatazama makaa, akatazama kopo wazi nyuma yangu, akaweka kikombe sakafuni taratibu.

"Kopo nimeliacha wazi mimi," akasema.

Mama alipeleka chetezo mpaka uani, akakizima kwa mchanga, kisha akarudi. Lo! Hasira yangu mimi ilikuwa ya kitoto.

"Miaka yote hii unaniambia humo mna visahani!" alimfokea mumewe. "Visahani! Na mimi nazunguka na moto kama bibi harusi!"

Wageni walicheka hadi ukuta ukaitika. Baba akafunga kopo, akaomba kalamu na karatasi ya ruhusa, akasaini palepale mbele yao. Mama akasema, "Andika arudi. Nani mwingine atanizuia?"

Sanduku langu alilipanga Mama mwenyewe. Akatia kigauni cha Neema, amekifukiza udi, uani. Bungoma mtoto alijificha nyuma ya bibi yake, hanijui. Nikamnyooshea kigauni. Akanusa, akanusa tena, akasogea kunusa na shingo yangu, udi uleule. Jumatatu tuliingia lango la shule tumeshikana mikono.

Nilirudi, nikafanya kazi hadi bega la Baba lilipochoka na bunduki, mashine akampa mtu mwingine. Nikastaafu. Ndiyo, nimestaafu bado kijana, anayenuna anune. Siku hizi nina cherehani yangu, na Neema ndiye fundi wa kuisafisha. Juzi aliimwagia mafuta kila mahali.

"Kwani haina mama hii?" nikafoka.

"Anayo," akasema, huku anafuta. "Lakini anapiga kelele sana."