Jirani Zangu Waliokwisha Kuagwa

Tuliwaaga jirani zangu kanisani, siku ya Jumapili. Walikuwa mume, mke na binti yao mmoja, watu wa Bukavu, Kongo, kama mimi. Baada ya miaka mingi ya kungoja hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, nchi moja tajiri ilikuwa imekubali kuwapokea. Godoro, sufuria, viti, vyote waligawa. Kesho yake basi likawachukua kwenda Lilongwe kupanda ndege, nami nikabaki na ufunguo wa nyumba tupu.

Siku chache baadaye, jua likiwaka, nilikuwa nashona nje ya mlango wangu nikasikia mtu anakohoa ndani ya nyumba ile. Kisha kicheko cha mtoto, kikakatika ghafla kama amezibwa mdomo. Mama mmoja wa Burundi niliyekuwa nimekaa naye alifanya ishara ya msalaba, akakusanya vitambaa vyake, akaondoka. Kufuli lilikuwa mahali pake.

Nilileta ufunguo, nikafungua. Walikuwa wameketi chini, migongo ukutani, wamevaa nguo za safari, hata viatu. Masanduku yalikuwa mbele yao, hayajafunguliwa.

"Mumepita wapi?" niliuliza.

"Mulango ya jikoni," mume alinong'ona. "Baliturudisha. Ile inchi imefunga mulango kwa bakimbizi. Bantu bote benye balikuwa banangoja ndege, barudie kambini."

"Sasa munajificha nini?"

Mke ndiye aliyejibu. "Dada, bantu balitulilia, balituombea. Nitatokea na uso gani? Usiambie mutu."

Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikiwapitishia nsima, ugali wa huku, kwa mlango wa jikoni. Sokoni walitajwa kila siku, na mwanamke mmoja aliapa kwamba mke alimpigia simu akamsimulia baridi ya huko. Nilimpelekea mke mwenyewe habari hiyo nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliniuliza polepole, "Nilisema nini tena?"

Wiki hiyo nilipeleka mapazia Area 47, mtaa wa Lilongwe, kwa mwalimu mstaafu, Mmalawi. Redio yake ilikuwa inazungumzia nchi ile ile, watu wakibishana kama ni haki kuwapokea wakimbizi wa vita. Mmoja alisema wao pia wana maskini wao.

"Hata sisi tuna maskini," mwalimu alisema. "Mlipokuja sikuulizwa. Ningeulizwa, labda ningekataa." Alisema bila ubaya, huku akinimiminia chai.

"Labda hata mimi ningekataa," nilimjibu. "Lakini wale wenye nyumba kubwa wakimwita mtu, akaaga watu wake, akagawa vyombo vyake, halafu wakamwambia hapana, huyo atakuwa anaishi wapi?"

Alizima redio, akanisogezea sukari.

Niliporudi kambini nilikuta wanawake wamesimama bombani, maji yakimwagika kwenye ndoo iliyojaa. Katikati yao alikuwa jirani yangu, yule mke, ndani ya koti zito la safari. "Mutoto iko na homa," alikuwa akisema. "Maji imeisha." Alisema hivyo mara mbili. Hakuna aliyesogea, na kwa kitambo hata mimi niliogopa kumkaribia.

Yule mama wa Burundi ndiye aliyetoka kwenye foleni. Alimshika mkono, akaubonyeza kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, taratibu.

"Njo yeye mwenyewe," akasema. "Iko na joto."

Wakampisha mbele.

Binti alipona. Watu walirudisha godoro na viti, ila wengi waliviacha mlangoni na kuondoka kabla hawajafunguliwa. Kutoka ile nchi halijaja neno lolote. Mke sasa anashona pamoja nami, na mchana kutwa tunaongea kama zamani. Lakini binti akiulizwa shuleni anakaa wapi, anataja mji ule wa ng'ambo ambao hajauona, na jina la barabara. Mwalimu wake alikuja kutuuliza kama ni kweli. Mama mtu aliendelea kushona, hakumsahihisha binti yake.