Beleshi la Theluji na Bega la Papa

Mama yangu, kila nikimpigia simu Tabora, huniambia amewasimulia majirani kwamba mwanawe ni injinia. Nimechoka kumsahihisha. Mimi nachora vyuma. Nachora katika karakana ndogo karibu na Blacktown, hapa Sydney, Australia, tunakotengeneza mageti, ngazi, matela, na chochote ambacho bosi amekikubali kwenye simu kabla ya kutuuliza sisi watengenezaji.

Ndivyo tulivyopata kazi ya beleshi la theluji. Ilikuwa Januari, bati la paa linalia kwa joto, bosi akaja amejimwagia maji kichwani. Akatuambia kuna hoteli kule milimani kusini yenye pikapu ya kusafishia barabara na kiberenge cha kusafishia kireli chao cha kupandisha mizigo. Walitaka beleshi moja pana la kusukuma theluji, leo lifungwe mbele ya pikapu, kesho mbele ya kiberenge.

"Nani hapa anaijua theluji?" nikauliza.

Bosi alisema aliwahi kupelekwa huko utotoni akarudi na mafua. Papa akatikisa kichwa.

Papa ni fundi wetu wa kuchomelea, Mkongo wa Bukavu, umri wa baba yangu. Siku niliyoanza kazi nilimwamkia shikamoo, akacheka mpaka akavua miwani. "Mama, miye si chifu," akasema. Lakini nilimkomalia kila asubuhi, na sasa anaitika marahaba kwa sauti ya hakimu. Alikuwa hana mkataba wa kudumu, aliitwa kazi wiki kwa wiki, na kwa wiki hizo alikuwa amesomesha watoto wote isipokuwa kitindamimba.

Tulianza na unga. Nilikata kibati, nikakikunja kama beleshi dogo, tukakisukuma mezani juu ya unga wa muhogo alioutoa Papa kwake. Unga mkavu uliruka pembeni vizuri sana, nikajiona mtaalamu. Bosi akanikumbusha kwamba theluji ya huku ni ya majimaji. Tukaulowesha, nao ukaganda kwenye kibati kama ugali kwenye mwiko usioloweshwa. Papa alikuwa anauangalia kwa huzuni. "Iyi ni fufu ya batu, Mama. Bibi yangu akijua, utanipikia wewe," akasema, akimaanisha mkewe. Niliongeza mkunjo, nikalilaza beleshi upande, nikaweka viatu vya chuma chini ili makali yasigonge reli. Kazi ikasonga.

Kilichonikera ni mkono wa kushoto.

Mtu mwenye adabu za Papa, anayeomba radhi hata kwa paka wa karakana, alianza kunipa vitu kwa mkono wa kushoto. Futi kamba kwa kushoto. Kikombe cha chai kwa kushoto. Mimi ni mwepesi wa kukasirika, na hilo nililelewa kuliona ni dharau. Nikanuna. Nikaanza kuvichukua vitu bila kusema asante, nikisubiri aniulize nina nini, nimpashe.

Hakuniuliza. Kisha tukajaribu beleshi lenyewe kwa mara ya kwanza. Kwa mchoro wangu, watu wawili walipaswa kulinyanyua mpaka kifuani, waliegemeze kwenye pikapu na kuingiza pini. Papa alishika upande mmoja, bosi mwingine. Likaingia. Bosi akapiga makofi. Papa akaenda nyuma ya mitungi ya gesi, nami nikamfuata kuchukua brashi, nikamkuta ameegemea ukuta, mkono wa kulia unaning'inia, machozi yanamtoka bila sauti. Nikarudi kinyumenyume. Hakuniona, au alijifanya hakuniona.

Nilijichukia siku ile. Kumbe mkono wa kulia ulikuwa hauwezi kunyooka.

Ningeweza kumwambia bosi. Bosi si mtu mbaya, lakini mwaka uliotangulia fundi wetu wa rangi alisema mgongo unamuuma, na wiki iliyofuata hakuitwa. Ningeweza kumwambia Papa mwenyewe aende hospitali, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini utamwambiaje mtu wa umri wa baba yako kwamba umemwona akilia ukutani? Kwetu mtu mzima husitiriwa. Kwao pia, nadhani, maana tulivyolimaliza lile jambo siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja.

Nilikwenda mezani kwake na mchoro mpya. Nilikuwa nimechora kitoroli chenye magurudumu na jeki ya kukanyaga kwa mguu. Beleshi linakaa juu ya kitoroli, unalisukuma hadi kwenye gari, unakanyaga, linapanda, pini zinaingia. Kwa pikapu na kwa kiberenge, na kwa kila atakayelifunga na kulifungua hapa karakanani kwa miezi ya majaribio.

"Nawafikiria watu wa kule, Papa," nikasema. "Baridi ile, mikono itakufa ganzi. Si vizuri wanyanyue."

Aliupitishia mchoro kidole, kutoka gurudumu hadi jeki.

"Bale batu ba ku milima," akasema, "mikono yabo inakufaka kweli."

"Sana."

"Basi tubasaidie."

Bosi nikampa hadithi ileile ya ganzi. Alilalamika kuhusu chuma kitakachoongezeka, akakubali. Kuanzia hapo hakuna aliyenyanyua kitu, na Papa akawa anapiga miluzi akichomelea. Nilijisifu moyoni kwa werevu wangu.

Mwezi wa sita, baridi ya huku ilipoingia, tukalipeleka. Nilishuka garini nikaishika theluji, nikaigandamiza, nikamwambia Papa ni kama barafu iliyokunwa kwa mbuzi ya nazi. Beleshi lilifanya kazi. Lilisafisha barabara, na theluji ikateleza pembeni bila kuganda. Kisha msimamizi wa hoteli akatupeleka kwenye banda la magari tuwaonyeshe jinsi ya kulihamishia kwenye kiberenge.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia mlangoni mwa banda lile. Ndani kulikuwa na hita mbili kubwa, joto kama jikoni, na vijana wawili wamevaa fulana.

Msimamizi akakizunguka kitoroli. Akasema hiki hakihitajiki, ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika, vijana wake watanyanyua kwa mikono. Bosi akanigeukia. "Wewe ulisema mikono itakufa ganzi."

Nikasema kitu kuhusu glavu, nikaacha katikati. Uso wa bosi ulikuwa unabadilika, na nikajua njia nzima ya kurudi ningeulizwa kwa nini nimepoteza chuma na wiki za kazi kwa kitu nilichokibuni kichwani.

"Bosi," Papa akasema, kwa Kiingereza chake cha kuchagua neno mojamoja. "Alikitengeneza kwa sababu yangu. Bega langu limekwisha tangu mwaka jana. Aliona, akanyamaza."

Nilimkasirikia, sitaficha. Miezi yote ile nimemfunika, naye anajifunua mbele ya watu kwa ajili ya kunikinga nisikaripiwe. Nilitaka kumvuta koti. Yeye alisimama wima, kofia mkononi, anamtazama bosi usoni.

Msimamizi alikanyaga jeki kwa buti, beleshi likapanda, pini zikaingia. Akalitazama kidogo. "Kiacheni," akasema.

Kurudi Sydney bosi aliendesha, Papa alilala au alijifanya amelala, nami nilikuwa nalia kimyakimya kiti cha nyuma, maana nilijua wiki itakayofuata Papa hataitwa.

Jumatatu nilichelewa makusudi. Nilipoingia nikasikia mluzi. Papa alikuwa mezani kwake, na juu ya meza, kwenye boriti, ilining'inia ile winchi ya mnyororo ambayo tangu niajiriwe ilikuwa stoo. Bosi alikuwa kwenye ngazi akikaza bolti ya mwisho. Sikuwa nimemuuliza kitu.

"Kule stoo ilikuwa inanizuia kuegesha gari," akasema.

Mlango wa stoo yetu haupitishi hata baiskeli. Nilimwambia kweli, ilikuwa inasumbua. Papa naye akasema ilikuwa inasumbua sana. Kisha akavuta mnyororo, bamba zito likapanda taratibu mpaka usawa wa meza, akachukua futi kamba akaninyooshea kwa mkono wa kushoto. Nikaipokea kwa mikono miwili.