Piza ya Maembe Bila Oveni

Mwalimu wetu wa upishi hapa Tawa haongei sana akiwa kazini. Anamwaga mchanga kwenye sufuria kubwa, anafunika, anapanga makaa ya moto juu ya kifuniko kwa vidole vitupu. Sijui ngozi yake ni ya nini! Mkaguzi wa shule alikuwa amesema somo letu litafutwa kwa sababu shule haina oveni. Siku mkaguzi aliporudi, Mwalimu alioka piza ya maembe ya Februari na nyama ya mbuzi iliyokaushwa kwa chumvi.

"Embe na nyama, Mwalimu? Aiii!" Mwenzangu Muthoki akacheka.

"Kata nyembamba, wewe."

Mkaguzi akala, akauliza oveni iko wapi. Mwalimu akaelekeza kidevu kwenye sufuria.

"Hiyo hapo. Andika."

Mkaguzi akaomba kipande kingine kwanza. Halafu akaandika, nami nikachungulia daftari lake: "Oveni ipo."