Siku ya Kupima Watoto

Harufu ya majani ya nyanya ilikaa mikononi mwa mama yangu hata baada ya kuoga. Kiangazi kile nilikuwa na miaka tisa, na tuliishi katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja kubwa upande wa Nzilo, ambako pampu ilivuta maji mchana kutwa na nyanya ziliiva wakati kila kitu kingine kimefunikwa na vumbi jekundu. Mama alichuma pamoja na wanawake ishirini hivi. Baba alikuwa kapita, msimamizi wao: ndiye aliyeamua nani aitwe kazini na nani arudishwe. Basi alipompiga mama, hakuna jirani aliyesikia. Kuta zetu zilikuwa nyembamba. Woga ndio uliokuwa mnene.

Kila Alhamisi wanawake walipeleka watoto wachanga kupimwa uzito kwenye zahanati iliyo kando ya shamba. Muuguzi, Mama Ngalula, mjane wa asili ya Kasai mwenye sauti nzito, alikuwa na sheria moja: wanaume hubaki nje. Baada ya mizani alimwita kila mama peke yake nyuma ya pazia la kitenge. Alhamisi moja nilikuwa nimembeba mdogo wangu Ilunga, nikaingia pamoja na mama. Mama Ngalula alimfungua mama kitambaa cha shingoni, akazitazama alama zilizokuwa chini yake.

"Nilianguka mu mufereji," mama akasema.

"Mufereji haina bidole, mama."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama alilia, kisha akaeleza yote tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Muuguzi alimpaka dawa, akaandika kila alama kwenye karatasi na kuipiga muhuri. Hakumwamuru aondoke, wala hakumwambia avumilie. Alimuuliza tu anataka nini. Sikuwahi kumsikia mtu akimuuliza mama swali hilo.

"Nataka kulala bila kuogopa," mama akajibu, na hakurudi nyumbani.

Alasiri baba alisimama mlangoni pa zahanati. "Natafuta bibi yangu, mama ya Ilunga."

"Tata, hapa kuko bagonjwa. Utangojea inje," akajibu Mama Ngalula, ameziba mlango kwa mwili wake.

Baba akatishia kuwafukuza kazi wanawake wote. Hapo wale waliokuwa kwenye foleni, watoto migongoni, wakaja kusimama mbele ya muuguzi. Kesho yake hakuna aliyechuma. Siku tatu nyanya zilipasuka juani, na wanawake walionyamaza miaka yote waliketi mbele ya zahanati wakiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kufika hadi ofisini. Siku ya nne mwenye shamba alisoma ile karatasi aliyopelekewa na muuguzi, akamwondoa baba kazini. Sisi tukahamia mjini, mtaa wa Dilala, kwa dada yake mama, chumba kimoja, na asubuhi ya kwanza mama alilala hadi jua likapanda.

Leo malori yanapita huko usiku na mchana, zahanati imepata ukuta na taa, na bado wapo wanaonishauri ninyamaze, ati siri ya nyumba ni ya nyumba. Sinyamazi. Mwaka jana mke wa Ilunga alikuja kwetu jicho limevimba. Mama, na magoti yake mabovu, alivaa viatu, akamshika mkono ampeleke hospitali. Ilunga alikuwa amesimama njiani.

"Mama, mi ni mutoto yako!"

"Na yeye ni mutoto ya mutu," mama akasema, wakampita.